Mzee Tarishi na Baiskeli ya Mke Wangu

Sitamtaja jina. Jina lake lilitajwa vya kutosha nyumbani kwangu, tena na mke wangu, asubuhi chai ikimiminwa na jioni taa ikiwashwa, hadi nikaona kama tunakaa watatu. Mji wa Tabora ulimwita Mzee Tarishi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya bomani tangu enzi za Mwingereza: kupeleka barua za serikali kwa baiskeli hadi Nzega, hadi Ziba, na upande wa machweo kwa njia ile ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Uhuru ulipokuja walimvua beji ya shaba, wakamwachia kaptula ya kaki na baiskeli. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani sijui, wala sikupata kuuliza. Nilikuwa na ya kutosha ya kumchukia bila kuongeza ukoo.

Tena nimesema kumchukia, lakini si neno lenyewe. Nilimwonea wivu. Nina wivu mimi, nimezaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita, na sioni haja ya kuuficha mkono.

Nilifika Tabora kwa treni miaka michache baada ya Uhuru, karani wa reli, pamoja na Tatu, mke wangu, ndoa yetu ikiwa bado inanukia udi. Tulipanga nyumba Chemchem. Mzee alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na siku tuliyokuwa tunashusha vyombo alikuwa amesimama barazani kwake akitutazama kama anayekagua mizigo. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote za pwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe mwenye kola?"

"Mzaramo, mzee. Wa Kisarawe."

Alipiga makofi. "Mzaramo! Jamani, mzigo wangu umefika! Babu zangu walibeba pembe mabegani hadi kwenu, mkawanywesha tembo la mnazi wakasahau njia ya kurudi. Leo umejileta mwenyewe!" Kisha akamtazama Tatu aliyekuwa na mkeka kichwani. "Na huyu ni mke wangu. Ahsante kwa kumsindikiza. Sasa wewe utakuwa mlinzi wake."

Anayejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ataelewa nilivyobanwa. Mtani ana ruhusa. Anaweza kuingia kwako akaondoka na jogoo, anaweza kukuita mfu ukiwa unakula, na mke wako akamwita wake mbele ya mashahidi. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Utajibu kwa utani, au utacheka, na ukishindwa yote mawili utanyamaza. Ukikasirika, makosa ni yako, na faini utatozwa. Ni desturi nzuri kwa watu wenye moyo mwepesi. Mimi ulimi wangu ulikuwa wa kusoma orodha za mabehewa; jibu la utani lilikuwa likinijia kesho yake saa nne, nikiwa ofisini, peke yangu.

Tatu jibu lilimjia pale pale. "Mume wangu, mshenga mlete, lakini meno hayo yaliyobaki yatunze. Kwetu bwana harusi anapimwa kwa korosho ngumu."

Mzee alicheka hadi akashika nguzo. Na Tatu naye alicheka, mkeka ukamwanguka. Mimi ndiye niliyeuokota.

Tangu siku hiyo akipita mlangoni hakuniuliza hali. Aliuliza, "Mlinzi, mke wangu kaamkaje?" Lilipokuja Azimio na watu wote wakaanza kuitana ndugu, nilipata matumaini. Nilimwambia mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi kwamba siku hizi sote ni ndugu, mambo ya Mzaramo na Mnyamwezi yamepitwa na wakati. Mzee alivua kofia akaniinamia. "Ndugu hataniwi," akasema. "Mkinifanya ndugu na huyu, nitamtania nani? Ujamaa naukubali, shamba la pamoja nitalima. Lakini mtani wangu simwingizi kwenye ushirika." Balozi alicheka naye pia. Mji mzima ulikuwa upande wake.

Sasa baiskeli. Mzee Tarishi alikuwa na sifa moja ambayo hata mimi siwezi kumpokonya: hakuna mtu wa Chemchem aliyenunua baiskeli yake ya kwanza bila kwenda naye dukani. Hakualikwa kwa upole wake, maana hakuwa nao. Alikuwa mwenye majivuno ya kutisha. Angekuambia alivyokwenda Ujiji na kurudi mnyororo ukiwa umekatika, na simba akimfuata hadi mto Malagarasi, na simba yule kila mwaka alizidi kukua. Lakini kwa anayeanza, mtu ambaye hajawahi kukaa juu ya magurudumu mawili, alikuwa na jicho.

Tatu alipopata kazi ya kufundisha elimu ya watu wazima, wakampangia kijiji kipya cha ujamaa nje ya mji, kwenye njia ile ile ya Ujiji. Kutembea kwa miguu kila siku kungemmaliza. Nikasema nitamnunulia baiskeli. Nilisema hivyo kwa sauti, jioni, barazani, nikitaka mtaa usikie kwamba ni mimi ninayenunua. Mzee akasikia. Kesho yake nilipofika dukani na Tatu, nilimkuta ameshakaa kwenye benchi la mwenye duka, Mhindi mmoja mpole aliyekuwa akiuza kila kitu kuanzia sindano, na wanakunywa chai.

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Ilikuwa nyeusi, mpya, ndefu, bomba lake la juu limefungwa karatasi ya kaki, ina dainamo na taa kubwa mbele, rangi yake bado inanuka. Nilitaka Tatu aonekane. Kwa kweli nilitaka mimi nionekane, mume wa mwenye baiskeli ile.

"Mpandishe," Mzee akaniambia.

Mwenye duka aliishikilia, nami nikamsaidia Tatu kukaa. Vidole vya miguu vilining'inia.

"Atazoea," nikasema. "Atainuka kidogo kidogo."

"Atainuka vipi? Ni mtoto wa shule huyu, umemnunulia sare kubwa ili akue nayo?" Mzee aliweka kikombe chini. "Sikiliza, Mzaramo. Siku ya kwanza mtu hajui kwenda. Anajua kusimama tu. Basi mchagulie ya kusimamia. Akishajua kwenda, atajichagulia mwenyewe ya kwendea."

Kisha akaenda nyuma ya duka, kwenye magunia, kana kwamba duka ni lake, akarudi anakokota kitu. Ilikuwa baiskeli fupi ya kike, haina bomba la juu, imewahi kuwa ya kijani. Sista mmoja wa misheni aliiacha alipokuwa anarudi kwao. Kengele haikuwepo, na kiti chake cha ngozi kililia ukikibonyeza, kwii, kama kifaranga. Niliona aibu hata kusimama karibu nayo.

Mzee alimkalisha Tatu. Nyayo zake zikagusa sakafu, zote mbili, kisigino na vidole. Akamwambia afunge breki, akatazama kama mkono wake mdogo unazifikia bila kuachia usukani. Akalizungusha gurudumu la nyuma, akainamisha sikio, akalisikiliza hadi liliposimama. Halafu akafanya jambo lililonikera: aliichukua baiskeli akailaza chini puu, kama mtu anayemtupa mbuzi, akamwambia Tatu, "Inua."

Tatu akainua.

"Ile nyeusi nayo ilaze."

Mwenye duka alitaka kukataa, lakini na yeye alikuwa ameshaingia kwenye mchezo. Tatu alijaribu kuinua ile nyeusi, ikamshinda nusu, ikamrudia mguuni.

"Njiani hakuna mwenye duka," Mzee akasema. "Itakuangukia porini, na mlinzi wako yuko ofisini anahesabu mabehewa. Uchukue unayoweza kuiinua. Tena ya kwanza iwe kuukuu, maana ya kwanza ni ya kuangusha. Na keria usiifunge mzigo hadi mvua zije. Mzigo wa kwanza ni wewe mwenyewe."

Nikamgeukia Tatu. Nilimtazama kwa macho ya mume, macho ya kumkumbusha ni nani aliyemleta dukani. Alikuwa anapapasa ule usukani wenye kutu.

"Hii," akasema.

Nililipa, nikaenda kazini bila kuaga mtu. Sijasema alikosea. Ninasema angeweza kunitazama kwanza.

Ili mtu asidhani alikuwa mtume, niseme na haya. Alimchagulia baiskeli mfanyabiashara mmoja Mwarabu, wa ukoo wa Kimanga, mtu mnene mwenye heshima zake, na haikumaliza wiki, gurudumu la nyuma likapinda kama ukili. Mzee alipoitwa alitazama gurudumu, akamtazama mwenyewe, akasema, "Si baiskeli hii. Ni halua." Hakukubali kosa hata siku moja. Tena alikuwa na imani zake za ajabu: baiskeli nyekundu alisema inaita nyoka, na mtu aliyezaliwa siku ya mvua asinunue mwezi wa Ramadhani. Treni hakupanda. Yeye aliyefuatwa na simba hadi Malagarasi aliogopa treni, alisema kitu kisichoweza kukwepa shimo si cha kuaminiwa.

Na kubwa kuliko yote, yeye aliyekuwa anawapigia watu kelele nyayo ziguse chini, baiskeli yake mwenyewe ilikuwa ndefu kumpita. Ya serikali, haikupimwa kwa kimo chake. Hakuweza kuipanda bila kukanyaga kitu. Kwa hiyo kila mahali alipozoea kusimama alikuwa ameweka jiwe: bomani jiwe, msikitini jiwe, kwa mwenye duka jiwe. Na moja, la bapa, zuri kuliko mengine, aliliweka mbele ya mlango wangu.

Jaribu kuwaza. Mtu unatoka kazini na wenzako wa reli, mnapita kwako, mmoja anauliza, "Hili jiwe la nini?" Unasema nini? La mzee anayekuja kumwona mke wangu? Niliwahi kulitupa mtaroni. Kesho yake lilikuwa limerudi, limeoshwa. Nikamuuliza Tatu nani amelirudisha. Akaniambia, "Mimi. Mzee wa watu ataanguka." Nikalitupa tena, na akalirudisha tena, na baada ya hapo nikaacha, maana nilianza kuonekana mimi ndiye kichaa wa mtaa.

Nilikwenda kumshitaki kwa mkewe. Alikuwa bibi mwembamba, mtulivu, aliyekuwa akichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga na kumgawia kila aliyepita. Nilizungukazunguka maneno, nikamwambia vijana siku hizi wanasema sana, na mji una macho. Alinijazia bakuli kwanza.

"Baba, unamwonea wivu mume wangu?" akauliza. Hakucheka. Nadhani alijizuia.

"Hapana, bibi. Nasema tu."

"Mimi aliwahi kunifundisha baiskeli, ujanani. Alinishikia kiti akawa anasema nipo, nipo. Nikageuka, hayupo. Nikaingia kwenye mtama wa watu. Tangu siku hiyo naenda kwa miguu." Akanisogezea bakuli. "Kula. Mwanamume yule kazi yake ni kuachia."

Sikumwelewa hadi siku ya uwanja.

Kulikuwa na uwanja mpana nyuma ya ghala la karanga, na jioni baada ya alasiri wanawake waliokuwa wanajifunza walikusanyika pale, wengine kujifunza na wengine kuja kucheka. Ilikuwa zamu ya Tatu. Mimi nilisimama pembeni, mgongo ukutani, nikijifanya ninapita. Mzee alikuwa amekunja mikono ya shati, anakimbia nyuma ya baiskeli, mkono mmoja umeshika kiti. Kiti, nasema. Nilikuwa ninaukagua ule mkono tangu uondoke upande huu wa uwanja hadi upande wa pili, na haukusogea kutoka kwenye kiti hata kidogo, na hilo halikunipunguzia kitu.

"Nipo, mayo," alikuwa akisema. Mayo kwa Kinyamwezi ni mama, ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Nipo. Tazama mbele. Nipo. Usitazame gurudumu, halikudai. Nipo."

Kisha nikaona. Katikati ya uwanja alifungua vidole. Hakusukuma, hakusema, alifungua tu vidole, akapunguza mbio, akasimama, mikono kiunoni, akihema. Tatu akaenda. Na mzee, akiwa amesimama pale pale, anazidi kuachwa, akaendelea kupaza sauti: "Nipo, mayo! Nipo! Nipo!"

Tatu alikwenda hadi mwisho wa uwanja, akazunguka bila kuanguka, na hapo ndipo alipomwona mzee yuko mbali, yuko mbele yake badala ya kuwa nyuma. Akacheka. Sijui kama nimewahi kueleza kicheko kile kwa mtu. Nilikuwa nimemwoa, nimelala naye na kuamka naye, na sikuwa nimewahi kukisikia. Kilikuwa kimekaa ndani yake muda wote huo, na aliyekitoa ni mwingine, tena kwa kumwachia tu.

Basi nikapasuka. Nilitoka ukutani nikapiga kelele mbele ya wanawake wote, "Mwache mke wangu! Nimesema mwache!"

Mzee alinigeukia, jasho linamtiririka, mikono bado iko kiunoni.

"Nimeshamwacha, mtani. Huoni?"

Wanawake walianguka kwa vicheko. Lakini Mzee hakucheka. Alinitazama usoni, akaona kwamba sifanyi utani, na macho yake yakawaka kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu. "Jamani! Mzaramo amekasirika! Amemkasirikia mtani wake mbele za watu! Leteni sufuria!"

Faini ya mtu anayekasirika utanini ni jogoo, na jogoo alikuwa wangu, yule mwenye mkia wa rangi ya moto niliyekuwa nikimpenda. Alichinjwa jioni ile ile. Walikuja Mzee na mkewe, balozi, na mwenye duka aliyekuja kukaa tu maana yeye hali nyama. Tatu akapika. Kulipopakuliwa, nikasubiri firigisi yangu. Kwetu na kwao hakuna tofauti katika hili: firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke anajua, hata mtoto anajua. Akichinjwa kuku, unaweza kukosa paja, unaweza kukosa kidari, lakini firigisi inakuja kwako, na ndiyo inayowaambia waliopo nani ni mume hapa.

Tatu alipita mbele yangu na sahani, akaiweka firigisi mbele ya Mzee Tarishi.

"Faini ni yake," akaniambia, akicheka.

Mzee aliitafuna taratibu, akiniangalia, kwa meno yale machache yaliyobaki. "Mke wangu," akasema, "anajua kupika." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikatabasamu, maana jogoo mwingine sikuwa naye.

Miaka ikaenda. Tatu akawa anapita na baiskeli yake ya kijani alfajiri na kurudi jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, na habari za wanafunzi wake, wazee wa kijijini walioandika jina kwa mara ya kwanza wakatembea nalo mfukoni. Wenzangu wa reli wakaanza kuniuliza, wewe mbona huna baiskeli? Nikasema karani hana haja. Ukweli ni kwamba sikujua kupanda. Mtoto wa pwani, nimekulia kwenye mchanga, na baada ya kelele zile za uwanjani nisingeweza kumwendea Mzee Tarishi anishikie kiti. Ningekufa kwanza.

Mkewe alipofariki, Mzee aliaga mtaa akarudi kwa ndugu zake, Lusu, upande wa Nzega. Siku ya kuondoka alifunga baiskeli yake ndefu juu ya lori, akapanda mbele na dereva. Tatu alilia. Nami niliingia ndani nikatazama mtaa kupitia dirishani, nikangoja furaha ije. Nilikuwa nimeingoja miaka. Nililiona tu lile jiwe pale nje, halina mtu.

Nadhani ni ile jioni, au ya pili yake, nilipomwambia Tatu anifundishe. Tulikwenda uwanjani giza likianza kuingia, ili watu wasituone. Nyayo zangu ziligusa chini vizuri kabisa kwenye kijani ile. Hata mimi ilinitosha. Tatu akashika kiti, akakimbia. "Nipo," akasema, na ilikuwa sauti ya yule mzee, mapigo yale yale. "Nipo. Nipo." Kila aliposema niligeuka kutazama kama kweli yupo, na kila nilipogeuka nilianguka. Nilichubuka magoti kama mtoto wa madrasa. Nilikuja kuweza pale alipochoka, akaenda kukaa ukutani, akaacha kusema.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Dar es Salaam, bohari kuu. Tulikuwa tunafunga vyombo wakati kondakta wa basi la Nzega alipotuletea salamu kwamba Mzee Tarishi yuko kitandani na hatoki. Tatu alikuwa na mitihani ya wanafunzi wake, hakuweza kuondoka wiki ile. Nikamwambia nitakwenda mimi. Alinitazama sana.

"Wewe?"

"Si mtani wangu?"

Alichinja jogoo usiku ule, akamkaanga mkavu ili asiharibike njiani, akamfunga ndani ya bakuli na kitambaa cheupe. Nilimwona akiweka firigisi juu kabisa. Asubuhi kondakta alipandisha baiskeli ya kijani juu ya basi, na kutoka Nzega nikaipanda mwenyewe hadi Lusu, bakuli limefungwa kwenye keria, kati ya mashamba ya pamba na ng'ombe wasiopisha mtu.

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, uani, upande wa kivuli. Mwili ulikuwa umepungua hadi kaptula ile ya kaki ilionekana ya mtu mwingine. Macho yalikuwa na ukungu. Lakini nilipokuwa nikiegemeza baiskeli kiti kikalia, kwii, akageuza kichwa.

"Hicho kiti namjua mwenyewe," akasema. "Lakini huo si mguu wake. Nani wewe?"

"Mzaramo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja juu ya hiyo?"

"Nimekuja juu yake."

"Nani alikushikia?"

"Tatu."

Nikangoja. Niliuona mlango ulivyo wazi, nilimfungulia mwenyewe. Mtu angeweza kuingia pale na mzigo wa utani kichwani. Mzee alipumua tu, akanyoosha shuka.

"Vizuri," akasema. "Mkeo hajambo?"

Mkeo. Nilidhani sikusikia. Nikasema hajambo, anakusalimu sana, ana mitihani. Akasema ni kazi njema, Mungu ampe nguvu. Aliongea kwa adabu, kama mtu anayeongea na afisa. Nikamweleza habari za uhamisho, akasema pwani ni kwenu, mtu kwao. Binti wa nduguye akaleta ugali na maji ya kunawa, nikafungua kitambaa. Harufu ya kuku ikatoka. Mzee alipeleka mkono bakulini, akapapasa, akaikuta firigisi juu. Aliishika kidogo, akaitambua kwa vidole. Kisha akanyoosha mkono akaiweka upande wangu wa sahani.

"Hii ni ya mwenye mke," akasema. "Chukua, mwanangu. Mkeo ni mtu mzuri. Mfikishie salamu."

Miaka yote nilitaka kusikia maneno hayo. Niliyataka mbele ya balozi, mbele ya mwenye duka, mbele ya uwanja mzima. Sasa nimeyapata, uani Lusu, hayana shahidi ila kuku wawili. Alikuwa amefungua vidole. Alikuwa ananiachia, na safari hii hata "nipo" hakusema.

Nikaichukua ile firigisi nikairudisha upande wake.

"Mtani," nikasema, "uzee umekuzidi, umesahau hata mali yako? Mimi ni mlinzi tu. Mke wako ndiye aliyekukaangia hii. Kaniambia nisipokuona ukiila kwa macho yangu, nisirudi Chemchem."

Alinielekezea yale macho yenye ukungu kwa muda mrefu, hadi nikafikiri hakunisikia, au amenisikia na hana nguvu. Kisha akaipapasa firigisi, akaiweka kinywani. Hakuwa na jino hata moja la kuitafuna. Aliihamisha shavu hili, akaihamisha shavu lile, akaifyonza. Binti akaja kuchukua maji akaondoka. Mimi nilikaa na tonge mkononi, sili.

"Mke wangu," akasema mwishowe, "siku hizi anazidisha chumvi."

Wivu ulinipanda hadi kooni, ule ule wa Chemchem, nikamshukuru Mungu.